Mjane, Boma na Barua ya Chifu

Wasikilizaji wa Kisumu, wa Siaya, wa Homa Bay na Migori, na ninyi mnaotusikiliza mkiwa ziwani na redio ndani ya mashua, jioni hii nataka tuzungumze juu ya heshima ya boma, na juu ya wanawake wanaolipishwa gharama yake.

Mwaka 2016, nchini Pakistani, kijana mmoja alimwua dada yake, Qandeel Baloch, aliyekuwa maarufu mitandaoni. Alipokamatwa hakukana. Alisema dada yake alikuwa ameiaibisha familia. Huku kwetu, kuanzia Port Victoria hadi Muhuru Bay, si kawaida kumsikia kaka akijisifu kwa jambo kama hilo, kwa hiyo tukisoma habari za mauaji ya heshima tunatikisa kichwa, tunamshukuru Mungu, tunaendelea na shughuli zetu. Naomba leo tusiharakishe hivyo. Kwa miaka mingi sheria za Pakistani ziliwaruhusu jamaa wa marehemu kumsamehe mwuaji, naye akatoka. Na katika mauaji ya namna hiyo mwuaji ni mtoto wa nyumba ileile. Baba anamzika binti, kisha anamsamehe mwana, na faili linafungwa. Ilibidi Qandeel afe ndipo bunge lao, mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, likabadilisha sheria ili msamaha wa jamaa usimtoe mwuaji jela.

Hapo ndipo tunapofanana nao. Sisi pia tunayo namna yetu ya kuzifunga kesi kabla hazijafunguliwa, na sote tunaijua. Tunasema: jambo hili tutalimaliza nyumbani.

Mtoto wa darasa la saba ameingiliwa na jirani. Mama anataka kwenda polisi. Kabla hajafika kwenye barabara ya lami, baba mkubwa amekwisha pigiwa simu, mzee wa kijiji amekwisha fika, na viti vimepangwa chini ya mwembe. Unazungumzwa ujirani. Inazungumzwa damu ya ukoo. Wanasema mtoto wa watu asiharibiwe maisha yake, na hapo anayesemwa ni yule kijana, si msichana. Anatajwa ng'ombe, au zinatajwa pesa. Mama akisimama kukataa, anaulizwa swali moja: wewe unataka kutuvua nguo mbele ya watu? Na wakati maneno hayo yanaendelea, saa zinahesabika. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa lazima ianzwe ndani ya saa 72. Zikipita hizo, hata mtoto akifikishwa hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, daktari atamtibu mengine, lakini kinga hiyo amekwisha ikosa.

Wazee wangu, nawaheshimu, lakini kesi hiyo si yenu. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, ile iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, imeandika katika kifungu cha 40 ni nani mwenye uwezo wa kuusimamisha uchunguzi au kesi ya namna hiyo. Si baba wa mtoto, si mzee wa kijiji, si polisi wa zamu. Leo mamlaka hayo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ng'ombe aliyefungwa kwenye mti wa mtu hana nguvu yoyote mbele ya kifungu hicho.

Na polisi nao wasinyamaze kana kwamba hawahusiki. Juni 2013, katika kaunti ya Busia, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la vijana akitoka matangani, kisha akatupwa ndani ya shimo la choo. Waandishi walimpa jina la Liz ili kumsitiri. Waliotajwa kumfanyia unyama huo walifikishwa kituoni, wakapewa adhabu ya kukata nyasi, wakaambiwa waende nyumbani. Nyasi! Habari ilipotoka, watu zaidi ya milioni 1 duniani walitia sahihi kudai haki, wanawake wakaandamana Nairobi hadi makao makuu ya polisi, na Aprili 2015 wanaume 3 wakafungwa miaka 15 kila mmoja. Ilichukua karibu miaka 2 na kelele za dunia nzima kufanya kazi ambayo afisa mmoja wa kituo angeianza siku ileile kwa karatasi na kalamu.

Sasa niulizeni: mbona mama wa mtoto anakubali? Mbona mke anayepigwa anarudi? Nimewasikiliza wanawake wengi wa pande hizi wakieleza kwa nini walinyamaza. Hawasemi kwamba hawakujua kuwa ni kosa. Wanajua sana. Wanauliza: ningelala wapi? Boma si langu. Shamba si langu. Kwa baba yangu kaka zangu wameoa, na nikirudi nitaonekana mzigo. Haya ndiyo niliyokuja kuyasema jioni hii. Ukatili kwa wanawake wa ufuo huu umeshikwa na mzizi wa mali: nani mwenye nyumba, nani mwenye shamba, nani mwenye mashua. Mtu asiye na pa kusimama hawezi kusema hapana, hata ukimfundisha haki zake kutoka asubuhi hadi jua lizame. Na wenye kumnyima hapo pa kusimama huwa wanasema wanailinda heshima ya boma.

Mjane ndiye anayelionyesha jambo hili wazi kuliko wote, kwa hiyo mniruhusu nikae kwake kidogo.

Mume amefariki. Mazishi ni Jumamosi, hema limejengwa, msemaji wa ukoo ameshika kipaza sauti, na mjane amesifiwa kwa jinsi alivyomwuguza marehemu. Wageni wakiondoka, linaanza la pili. Sitaki kuuchafua utamaduni wa Wajaluo kwa maneno ya haraka. Tero, yaani kurithiwa kwa mjane, ilikuwa na shabaha yake. Mjane alibaki mke wa marehemu, chi liel, mke wa kaburi. Shemeji aliyeingia alikuwa na wajibu wa kulima, kuezeka, kuwalea watoto wa ndugu yake kwa jina la ndugu yake. Wazee wanaoizungumzia kwa fahari hawasemi uongo. Lakini tunachokiona siku hizi mara nyingi kimebaki na kitanda tu, wajibu umeachwa njiani. Shemeji anaingia usiku na asubuhi anarudi kwa mkewe, ada ya shule haimhusu. Pengine shemeji mwenyewe anaogopa, akatafutwa mwanamume wa kukodiwa kutoka mbali, alipwe, aje "amsafishe" mjane na aondoke zake. Mjane akikataa, anatishwa na chira, ile laana ya kuvunja mwiko. Usijenge. Usipande mbegu kabla ya wengine. Usiingie nyumba za watu. Mtoto akikohoa, ni wewe. Ng'ombe akifa, ni wewe. Mwana wa shemeji akianguka mtihani, hata huo ni wewe.

Na tunalifanya hili katika eneo gani? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima nchini Kenya, wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 4.9. Kisumu ilikuwa asilimia 17.5. Homa Bay, asilimia 19.6. Katika kaunti ambayo karibu mtu mmoja kati ya watano ana virusi, kumlazimisha mwanamke alale na mtu ambaye hali yake haijulikani, ili boma liwe safi, ni kumpeleka kaburini polepole. Hakuna kisu, hakuna damu kwenye sakafu, hakuna kaka wa kukamatwa. Lakini amekufa kwa ajili ya heshima ya ukoo, na mimi sioni jina jingine la kumpa aliyekufa hivyo.

Sheria inajua. Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 inataja kwa majina kurithiwa kwa lazima na kutakaswa kwa mjane, na kuyahesabu kuwa ni ukatili, pamoja na ndoa za watoto na ukeketaji. Hata shemeji na wakwe wanaoingilia nyumba ya mtu wametajwa. Mjane anaweza kwenda kwa hakimu akaomba amri ya kumlinda. Ni sheria nzuri. Ila amri ya mahakama inamzuia mtu asikuguse; haikuezekei nyumba, wala haiandiki jina lako kwenye hati ya shamba. Kwa hilo mjane anahitaji kesi ya mirathi, na kesi ya mirathi inaanza na karatasi moja ambayo ndiyo inayowaliza wanawake wengi: barua ya chifu.

Tuitazame barua hiyo kwa karibu. Mjane anafika mahakamani na mfuko wa plastiki. Ndani yake mna cheti cha kifo, kitambulisho chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi za shamba ikiwa hazijafichwa. Karani anazipanga mezani moja moja, kisha anauliza: barua ya chifu iko wapi? Ni barua fupi, ukurasa mmoja, yenye mhuri, inayosema marehemu fulani alikuwa mkazi wa eneo fulani na ameacha mke fulani na watoto fulani. Basi. Haimpi mtu shamba. Inawataja waliobaki, na mahakama inaendelea kutoka hapo. Lakini huko kijijini chifu anamwambia mjane: njoo na shemeji zako. Shemeji wanasema: hatuji mpaka arithiwe. Au wanakuja, na jina lake linaandikwa la mwisho, au haliandikwi kabisa. Mimi nimeona barua iliyowataja ndugu watatu wa marehemu na mama yao, na mke aliyeishi naye tangu ujana akaachwa nje kama mpita njia.

Halafu kuna hili la hati. Mara nyingi shamba bado liko kwa jina la babu. Babu alikufa zamani, baba mkwe naye amekufa, hakuna aliyejisumbua na mirathi kwa sababu ndugu walikuwa wanagawana kwa mipaka ya mikonge na maneno ya mdomo. Maadamu mume yu hai, maneno hayo yanatosha. Akifa, yanayeyuka. Mjane anaambiwa hati haina jina la mumewe, kwa hiyo hana cha kurithi. Ili apate ekari moja na nusu, inabidi mirathi ya babu ifunguliwe kwanza, tena na walewale wanaotaka aondoke. Na hata njia ikiwa nyoofu, ombi lazima litangazwe kwenye Gazeti Rasmi la serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga, kisha baada ya kupewa usimamizi wa mali kwa kawaida angoje miezi 6 ndipo aombe mgawanyo uthibitishwe. Katika miezi hiyo mtu anaweza kuamka akakuta mabati ya jikoni yameng'olewa.

Mama unayenisikiliza ukiwa katika hali hiyo, shika mambo mawili. Sheria ya Mirathi inamweka mke aliyebaki mbele ya wote katika kuomba usimamizi wa mali ya marehemu. Wakwe wako nyuma yako. Na mtu yeyote anayechukua, kuuza au kuharibu mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka anafanya kosa la jinai, na kifungu chake ni cha 45. Chifu akikataa kuandika, usirudi nyumbani kulia. Nenda mahakamani ukamweleze karani au hakimu kwamba barua imezuiwa. Mahakama inaweza kumwita chifu huyo aeleze. Ofisi ya mawakili wanawake wa FIDA iko hapahapa Kisumu, na wamewasaidia wengi.

Nisionekane nawapiga vita wazee tu. Kuanzia mwaka 2009 shirika la KELIN lilifanya kazi Kisumu na Homa Bay kwa namna ambayo naipenda kwa sababu ilikuwa ya akili. Badala ya kuwapita wazee wa ukoo, liliwaketisha chini, likawafundisha Katiba na sheria ya mirathi, likawapa kazi ya kuwarudisha wajane katika mashamba waliyofukuzwa. Wazee walewale ambao neno lao lilimtoa mwanamke ndio waliotembea naye mpaka kwenye mpaka wa shamba, mbele ya shemeji, wakaonyesha kwa fimbo: hapa ni pake. Baadhi ya wajane walijengewa na nyumba. Mjane aliyerudishwa na wazee huishi kwa amani kuliko aliyerudishwa na polisi, kwa sababu kesho ndio atakaokutana nao kisimani. Kwa hiyo suluhu ya nyumbani ina mahali pake. Mahali pake ni mipaka ya shamba. Mahali pake si mwili wa mtoto.

Na mila haifi kwa kurekebishwa. Wapo wajane waliokubali kurithiwa kwa koti: koti la mwanamume linatundikwa ndani ya nyumba, desturi inahesabiwa imetimia, na mwenye koti analala kwake. Wapo wasemao huko ni kuidanganya mila. Mimi naona waliolifikiria koti walikuwa wanaipenda mila na wanampenda mjane pia.

Tukirudi kwa mahakama, waliokuwepo mwaka 1987 wanaikumbuka kesi ya S. M. Otieno. Wakili yule alifariki Desemba 1986, na mkewe, Wambui Otieno, aliyekuwa mpigania uhuru, akataka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema mtu wao atazikwa kwao. Walivutana mahakamani miezi mitano, nchi nzima ikifuata kwenye magazeti, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoamua kwa upande wa ukoo, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Wambui hakwenda kumzika mumewe. Sitarudia ubishi ule wa Mjaluo na Mkikuyu, umetuchosha. Ninachokumbusha ni kwamba Wambui alikuwa mwanamke mwenye jina, elimu, wakili mkubwa kama John Khaminwa, na miaka zaidi ya ishirini ya ndoa. Akashindwa. Basi yule mama wa Rarieda au Suba asiye na hata nauli ya kufika mahakamani, tunategemea ashinde kwa nguvu gani?

Sasa twende ufuoni, kwa sababu wajane wengi wakifukuzwa shambani ndiko wanakokimbilia. Samaki hawahitaji hati miliki. Mwanamke mwenye karai na mtaji kidogo anaweza kuanza.

Lakini ufuo nao una wenyewe. Sangara, yule tunayemwita mbuta, alitiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa. Viwanda vikaja, magari ya barafu yakaja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Wanaume wenye mitaji wakanunua mashua na nyavu. Wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya samaki aina ya ngege tangu enzi za bibi zao wakajikuta wananunua kilichobaki. Nenda Obunga, hapa mjini, uone mgongo wazi: kichwa na mifupa ya mbuta ambaye minofu yake imekwisha kwenda, anakaangwa ndani ya sufuria nyeusi, moshi ukiwaunguza macho akina mama, kisha anauzwa kwa walio maskini kama wao. Hiyo ndiyo sehemu waliyoachiwa.

Halafu samaki wakapungua. Mashua zikirudi alfajiri na ndoo chache za omena, yaani dagaa, na wanawake wengi wanangoja mchangani na makarai yao, ni nani atakayeuziwa? Hapo ndipo ilipozaliwa jaboya. Ili upate samaki, lazima uwe na mvuvi wako, na mvuvi wako anataka zaidi ya pesa. Wengine wanaiita biashara, wengine wanaiita mapenzi. Mwanamke ambaye watoto wake hawatakula asipokubali hajafanya mapenzi na mtu. Amelazimishwa, hata kama hakuna aliyemshika mkono.

Wanawake wa ufuo wa Nduru, huko Nyakach, waliliona hilo mapema kuliko wataalamu. Mwaka 2011, wakisaidiwa na mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps na wafadhili wa Marekani, walianza kupata mashua zao wenyewe. Kikundi chao kilijiita No Sex for Fish, yaani hakuna mwili kwa samaki, na mwenyekiti wake alikuwa Justine Adhiambo Obura. Hawakwenda kuvua wao. Desturi haikumtaka mwanamke ndani ya mashua. Waliwaajiri wanaume. Yule aliyekuwa akimpangia mwanamke masharti alfajiri sasa alikuwa kibarua wake, analeta samaki kwa mwenye chombo, anapokea ujira wake na kwenda. Hakuna mhadhara uliotolewa na hakuna mvuvi aliyeokoka. Kilichobadilika ni mwenye mashua, na tabia ikabadilika pamoja naye.

Nasikitika kwamba siwezi kuwaambia iliishia kwa raha. Mashua ya mbao huoza na kuvuja, na kuitengeneza ni pesa. Kisha mwaka 2020 mvua zikaleta maji, ziwa likapanda kufikia kimo ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, na kijiji cha Nduru kikamezwa. Wanawake waliokuwa wamepata chombo wakapoteza nyumba, wakahamia kambini na watoto, na wengine wakajikuta tena hawana cha kusimamia. Mnaona jinsi kamba hii ilivyo moja? Ikikatika nyumba, na mwili unarudi sokoni.

Ndiyo maana nilipoyaona maandamano ya tarehe 27 Januari 2024, wanawake wakijaa barabara za Nairobi, Mombasa, Nakuru na hapa kwetu Kisumu kupinga mauaji ya wanawake, nilifurahi na pia nikawa na wasiwasi. Nilifurahi kwa sababu ukimya ulivunjika. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo serikali yenyewe ilikiri kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa katika miezi 3 tu. Wasiwasi wangu ni kwamba tunaamka mtu akishakufa. Karibu miezi miwili kabla ya tangazo hilo tulikuwa tumempoteza Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyetoka kukimbia mbio za marathoni katika Olimpiki ya Paris. Alimwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Endebess, Trans Nzoia, na mtu aliyekuwa mpenzi wake, akafariki tarehe 5 Septemba hospitalini Eldoret. Na chanzo kilichoripotiwa ni kipi? Walikuwa wanagombania kiwanja na nyumba. Mwanamke aliyejinunulia ardhi kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo sisemi kwamba mali ni ngao isiyopenyeka. Wapo wanaouawa hasa kwa sababu wamethubutu kuwa nayo. Lakini hilo linanionyesha kwamba wauaji nao wanaijua thamani yake, na sisi tunaowatetea wanawake hatuna ruhusa ya kuijua kidogo kuliko wao.

Wanaharakati wenzangu, basi, baada ya mabango tupande matatu twende kwa machifu. Tuombe serikali itoe waraka ulio wazi: barua ya mirathi inatolewa kwa mjane bila kungoja idhini ya shemeji, ndani ya muda unaojulikana, bila malipo, na chifu anayeizuia aandike sababu zake na kuzitia mhuri. Tuhudhurie uchaguzi wa kamati za usimamizi wa fuo, zile za BMU. Kanuni zinataka wanawake wawemo. Tusikubali wawekwe wapike chai ya mkutano huku wenye mashua wakipanga nani auziwe nini. Kaunti zinazotoa mikopo ya uvuvi ziangalie ni mashua ngapi zimeandikishwa kwa majina ya wanawake, na zitangaze hesabu hiyo redioni, hapa hapa, tuisikie sote.

Na mwanamke aliye hatarini usiku huu, namba ni 1195. Haitozi pesa, inapokelewa mchana na usiku.

Neno langu la mwisho ni kwenu wasemaji wa ukoo, mtakaoshika kipaza sauti Jumamosi hii katika mazishi ya Alego, ya Seme, ya Karachuonyo. Mkishamaliza kuwataja wageni na kutangaza mchango, semeni hivi mbele ya kaburi lililo wazi, chifu akiwa amekaa pale mbele na watu wote wakisikia: nyumba hii ni ya mama huyu na watoto wake, shamba lake linaanzia pale na kuishia pale, na Jumatatu mimi mwenyewe nitamsindikiza kwa chifu kuchukua barua. Mtaje na mipaka. Halafu mwiteni mchungaji aendelee na ibada.